Seli za Moyo za Kupimia Dawa Hazitoki kwenye Mimba Zilizotolewa

Wapo wanaoamini kwamba maabara zinazopima sumu ya dawa kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, hutegemea mimba zilizotolewa, na kwa sababu hiyo huikataa kazi yote bila kuitazama. Hata seli shina za kiinitete cha binadamu, zilipokuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, zilitokana na viinitete vilivyotungwa maabara kwa ajili ya matibabu ya ugumba. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba jeni 4 tu, zikiingizwa katika seli za ngozi ya panya, huzirudisha katika hali ya seli shina. Mwaka uliofuata wakafanikiwa kwa seli za binadamu. Ndiyo maana siku hizi damu kidogo ya mtu mzima aliyeridhia inatosha kuanzia.

Seli shina zinazopatikana kwa njia hiyo hukuzwa hadi ziwe misuli ya moyo, kisha hugawanywa katika sahani yenye vishimo 384, kila kimoja kikipewa dawa yake au kipimo chake. Ukizitazama kwa hadubini utaziona zikidunda pamoja, na dawa yenye madhara ikiingia, mdundo huyumba. Faida yake ni kubwa: terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 kwa kuvuruga mapigo ya moyo, ilhali moyo wa panya, unaopiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, hautegemei sana mkondo wa potasiamu, yaani umeme unaotuliza seli ya moyo baada ya kila pigo, ambao dawa hiyo huuziba, hivyo kumpima panya hakuonyeshi hatari hiyo vizuri. Kasoro halisi ya seli hizi ni uchanga wake, kwa kuwa hufanana zaidi na za moyo wa kijusi kuliko wa mtu mzima.