Mtoto mchanga hospitalini: ni huduma gani hasa zinazomwokoa?

Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Hiyo ni karibu nusu ya vifo vyote vya watoto walio chini ya miaka 5. Vingi kati ya vifo hivyo vingeweza kuzuilika kwa huduma ambazo tayari zinajulikana. Haya ni maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara.

Kwa nini siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi?

Takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea ndani ya wiki ya kwanza, na watoto wapatao milioni 1 hawamalizi hata saa 24. Sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, na kasoro za kimaumbile. Tatu za kwanza zinakabilika sana hospitalini, mradi huduma ije kwa wakati.

Nikijifungulia hospitali, mtoto yuko salama?

Yuko salama zaidi, ila jengo peke yake haliokoi mtoto. Tazama dakika ya kwanza ilivyo. Mtoto akitoka tu, mkunga anamkausha kwa kitambaa safi huku akimsugua mgongoni, na wengi hulia papo hapo. Asipopumua, kitambaa kilicholowa kinaondolewa, kichwa kinawekwa sawa ili njia ya hewa ifunguke, kisha barakoa ndogo inafunika pua na mdomo. Mkunga anaminya mfuko wa hewa taratibu, macho yake yako kifuani kwa mtoto kuona kama kinapanda. Hewa hiyo inatakiwa ianze kuingia kabla ya sekunde 60 kuisha.

Kifaa hicho hakihitaji umeme. Kinatakiwa kiwe tayari kando ya kitanda cha kujifungulia, barakoa iwe ya kipimo cha mtoto mchanga, na anayekishika awe amezoea. Mazoea hayo huja kwa kurudia mazoezi kwenye mwanasesere mara kwa mara. Semina moja haitoshi. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kujifungulia, mimi ningekushauri uulize hili kabla ya jingine lolote: usiku wa manane, kuna mtu wa zamu anayejua kumsaidia mtoto asiyepumua?

Mtoto njiti anasaidiwa vipi?

Msaada huanza akiwa bado tumboni. Mama mwenye dalili za kujifungua kati ya wiki 24 na 34 anaweza kuchomwa sindano za steroidi zinazokomaza mapafu ya mtoto, mahali ambapo wote wawili wanaweza kuhudumiwa ipasavyo. Ndiyo maana chupa ikipasuka au uchungu ukianza mapema, usikae nyumbani kuangalia kama utatulia.

Akishazaliwa, anaweza kuwekewa mashine inayosukuma hewa puani mfululizo ili mapafu yasisinyae. Oksijeni hupimwa kwa makini, maana ikizidi inaweza kuharibu macho ya njiti. Asiyeweza kunyonya hulishwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kwa mrija. Sukari na joto la mwili hufuatiliwa saa zote.

Kumbeba mtoto kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, ni kwa sababu inkubeta (mashine za kuwatunzia njiti joto) hazitoshi?

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianzisha njia hii hospitali yake ilipozidiwa na njiti. Leo ni tiba kamili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwafuatilia watoto waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Waliosubiri hadi hali itulie, asilimia 15.7. Utafiti ulisitishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana.

Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Analazwa wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kitambaa kinamfunga asiteleze. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama akichoka, baba au bibi anapokea.

Jambo hili haliwezekani pale mama anapolazwa wodi nyingine na kumwona mwanawe kwa saa maalumu. Wodi ya watoto wachanga isiyo na kitanda cha mama imepungukiwa, hata ikiwa na mashine nzuri kiasi gani.

Si anaweza kuambukizwa humo humo hospitalini?

Anaweza, hasa wodi ikijaa. Nawa mikono kabla ya kumgusa, na una haki ya kumwomba yeyote anayemshika anawe.

Amezaliwa salama. Kwa nini tubaki?

Kwa sababu matatizo mengine hujitokeza baada ya saa kadhaa. Kaeni angalau saa 24: anyonye ndani ya saa ya kwanza, achomwe vitamini K, asiogeshwe kabla ya saa 24, apimwe uzito na joto (la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5). Kisha mrudi kliniki kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6.

Dalili zipi zitufanye tukimbie hospitali?

Kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea anapovuta hewa, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kulegea, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha, na ngozi kuwa ya manjano siku ya kwanza, au manjano yanayofika viganjani na nyayoni wakati wowote. Moja tu inatosha, hata kama ni usiku. Njiani mbebe ngozi kwa ngozi apate joto, na mnyonyeshe kama bado anaweza.