Maji vijijini: dhana potofu kuhusu malengo makubwa

Dhana: Serikali ikilenga juu, hata isipofika itakuwa imesogea mbali.

Tanzania ilianza mwaka 1971 programu ya miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka ukafika, maji hayakufika. Ubaya wa lengo la namna hii uko kwenye hesabu. Kinachohesabiwa ni visima vilivyochimbwa, na fedha hufuata kinachohesabiwa. Kisima kikishazinduliwa huingia kwenye takwimu na hakitoki humo hata kikifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vituo vya maji vilipopitiwa kimoja kimoja, karibu 4 kati ya 10 havikuwa vikitoa maji ipasavyo.

Dhana: Pampu hufa kwa sababu wanakijiji hawana utaalamu.

Afridev, pampu ya mkono ya visima vya hadi mita 45 hivi, iliundwa itengenezwe kijijini. Pistoni na vali ya chini (inayozuia maji yasirudi kisimani) huvutwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe, na spana moja yatosha kwa kazi nyingi. Asubuhi ukisukuma mpini mara nyingi kabla maji hayajatoka, vali ya chini inavuja. Mpini ukienda lakini maji yakawa haba mchana kutwa, kagua mpira wa pistoni. Mipira na beringi za plastiki zibadilishwe kila mwaka, hata kama pampu haijagoma.

Kinachokwamisha ni vipuri kuuzwa mjini tu, na michango kuanza kukusanywa pampu ikiwa imeshakufa. Hapo wiki hupita, watu wamerudi mtoni.

Dhana: Lengo dogo ni uvivu.

Kyuso, katika kaunti ya Kitui, Kenya, watafiti waliojaribu utaratibu mpya wa matengenezo walilenga jambo moja: pampu ikiharibika, itengenezwe upesi. Kifaa ndani ya mpini kilipima matumizi na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu, fundi akajua pa kwenda. Wastani wa siku za kukosa maji kila pampu ilipoharibika ulishuka kutoka 27 hadi chini ya 3. (Majaribio yalikuwa ya bure, kutoza ada ndiyo kazi ngumu.)

Diwani anayetaka kufuatilia aiombe halmashauri tarakimu mbili kwa kila pampu: siku ilizosimama mwezi huu, na salio la mfuko wake wa maji.