Konsoli ndogo si bahili

Kila nikifungua konsoli nyembamba, yaani mashine ya gemu, mbele ya mwenyewe, nasubiri tu: "Hii waliibania, si unaona plastiki yenyewe?" Wateja wanaamini kampuni ilipunguza umbo ili gharama ipungue. Wameanza hesabu mwisho.

Plastiki ni pesa kidogo. Kinachokula hela ni chipu, kisha umeme na joto lake. PlayStation 3 ya 2006 ilikuwa na prosesa, chipu yake kuu, ya nanomita 90; namba hiyo ikishuka, chipu ileile inakuwa ndogo. Ile nyembamba ya 2009 ikaja na ya 45. Chipu ikipungua eneo, sahani moja ya silikoni, ambamo chipu hukatwa, inatoa chipu nyingi zaidi. Ikila umeme kidogo, pawasaplai inapungua, kipoza joto hakihitaji shaba na alumini nyingi, na feni inapumua. Kasha linakuja mwisho kabisa, likifuata vilivyomo. Hata boksi linapungua, kontena likabeba mashine nyingi kwa nauli ileile.

Sasa chukua chipu ileile ya moto uibane kwenye kasha dogo tangu siku ya kwanza. Utalipia bodi yenye tabaka nyingi, upoozaji wa hali ya juu na mashine zinazokataliwa kiwandani. Usipolipia hapo, utalipia baadaye. Xbox 360 ya 2005 ilitoa pawasaplai nje, tofali zito kwenye waya, na bado kuwaka na kupoa kukapasua viungo vya chipu. Mwaka 2007 Microsoft iliongeza dhamana hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Halafu mtu aniambie udogo ni ubahili! Nafuu ilikuja 2010, prosesa na chipu ya picha zilipounganishwa kuwa kitu kimoja.

Wateja husema pia: "Adapta ya nje ni ujanja wa kupunguza gharama." Ni joto lililohamishwa tu.

"Nyembamba hufa haraka." Nyingi ninazoletewa zimejaa vumbi au zilifungiwa kabatini. Acha nafasi nyuma, na pesti inayopitisha joto kati ya chipu na kipoza ikikauka, ibadilishwe kabla feni haijaanza kunguruma.

"Toleo dogo lazima lishuke bei." Zamani, ndiyo. Siku hizi sahani za silikoni za teknolojia mpya ni ghali mno, kwa hiyo chipu inaweza kupungua na bei ikabaki palepale.