Dereva Kijana wa NASCAR: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wapenzi wengi wa mbio za magari katika Afrika Mashariki wamekua na Safari Rally, ambako magari huondoka moja baada ya jingine na dereva hushindana na saa, vumbi na mawe. Mbio za NASCAR za Marekani, ambamo magari yapatayo 40 hukimbia kwa pamoja kwenye uwanja wa lami, huonekana kwao kuwa jambo jepesi, na kijana anayepanda ngazi zake hudhaniwa ama amebahatika ama amenunuliwa nafasi. William Byron, aliyezaliwa mwaka 1997 mjini Charlotte, North Carolina, ni mfano mzuri wa kuzipima dhana hizo.

Dhana ya kwanza ni kwamba magari hayo ni ya kawaida, yaliyotolewa dukani na kupakwa rangi za matangazo. Hilo lilikuwa kweli mwaka 1949, NASCAR ilipoanzisha mashindano ya magari mapya yanayouzwa kwa umma. Leo kinachofanana ni sura tu. Chasi huundwa kwa ajili ya mbio peke yake, milango haifunguki, dereva huingilia dirishani, na ndani hakuna kiti cha abiria.

Dhana ya pili, ambayo nadhani ndiyo inayowanyima madereva hawa heshima kuliko zote, ni kwamba kazi yao ni kukata kona kushoto mpaka mafuta yaishe. Uwanja wa Daytona una urefu wa kilomita 4 hivi, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31, hivyo magari hupita humo karibu bila kupunguza mwendo, yakifuatana kwa umbali usiofika hata mita moja. Gari la nyuma hunufaika kwa sababu la mbele limekwisha kuipasua hewa, na dereva anayechomoka kwenye msururu bila mwenzake wa kumsukuma hurudishwa nyuma mara moja. Uwanja wa Martinsville hauna hata kilomita moja kuuzunguka, na kona zake ni za kubana na karibu tambarare. Huko kinachoamua ni breki zisizochemka na matairi yaliyotunzwa, na dereva aliyezoea mwendo wa Daytona hana budi kujifunza upya. Tena zipo mbio zenye kona za pande zote mbili, kama zile za Austin, Texas, ambazo Byron alizishinda mwaka 2024.

Inafuata dhana ambayo wazazi wengi wanaipenda: kwamba michezo ya kompyuta haimfikishi mtoto popote. Byron hakulelewa katika familia ya madereva, wala hakuanza na magari madogo ya mbio akiwa na miaka mitano kama wengi wa wapinzani wake. Alianza nyumbani, mbele ya kompyuta, kwa programu ya iRacing, ambayo huiga viwanja halisi kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye lami yenyewe, na humo alishinda mbio zaidi ya 100. Alipofika kwenye gari la kweli mwaka 2012, tayari alijua mahali pa kufunga breki na mstari wa kupita katika kona. Rajah Caruth, aliyezaliwa mwaka 2002, alipita njia hiyo hiyo. Machi 2024, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alishinda mbio za magari ya mzigo (pikapu) za NASCAR huko Las Vegas.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuigeuza dhana hiyo kuwa kinyume chake na kudai kwamba kompyuta inatosha. Kompyuta haimpi dereva joto la ndani ya gari, ambalo linaweza kuzidi nyuzi 50, wala uzito unaomvuta shingo katika kila kona kwa saa tatu au nne, wala hofu ya kugonga ukuta usiomwachia nafasi ya kuanza upya. Hayo Byron aliyajifunza ngazi kwa ngazi: kwanza magari madogo aina ya Legends, kisha mashindano ya viwanja vidogo, ubingwa wa mashindano ya NASCAR ya kanda ya mashariki mwaka 2015, na mwaka uliofuata mbio za kitaifa za magari ya mzigo.

Je, ni pesa au kipaji? Wanaosema ni pesa tupu na wanaosema ni kipaji tupu wamekosea kwa pamoja. Msimu mmoja unagharimu fedha nyingi mno, na timu nyingi haziwezi kumweka kijana kwenye gari bila mdhamini. Byron alidhaminiwa na Liberty University, ambako pia alisoma. Kwa wasio na mlango wa namna hiyo, mpango wa NASCAR wa kuwakuza madereva kutoka jamii zilizoachwa nyuma umewatoa akina Kyle Larson, Bubba Wallace, Daniel Suárez na Caruth mwenyewe. Lakini pesa haishindi mbio. Mwaka 2016 Byron alishinda mara saba, na bado alikosa ubingwa kwa sababu injini ilimfia akiwa anaongoza karibu na mwisho wa mbio za Phoenix. Wiki iliyofuata alishinda huko Homestead, Florida, huku taji likienda kwa mwingine. Mwaka 2017 alihamia ngazi ya pili ya kitaifa na kutwaa ubingwa akiwa na miaka 19.

Wengi hudhani kwamba kuanzia hapo mambo huwa mteremko. Mwaka 2018 Byron alipewa gari namba 24, namba iliyompa umaarufu Jeff Gordon, bingwa wa zamani wa NASCAR, na katika ngazi ya juu kabisa hakushinda hata mara moja msimu huo, akamaliza nafasi ya 23. Ushindi wa kwanza ulikuja Agosti 2020, katika mbio zake za 98. Dereva mwingine, Joey Logano, alishinda katika ngazi hiyo akiwa na miaka 19 mwaka 2009, kisha akayumba kwa misimu kadhaa, na ubingwa haukumfikia hadi 2018, akiwa katika timu nyingine.

Dhana ya mwisho ni kwamba dereva hupanda peke yake. Mkuu wa mafundi ndiye huamua jinsi gari linavyopangwa na wakati wa kuingia kubadilisha matairi, na mwangalizi aliye juu ya jukwaa humwambia dereva kwa redio kile ambacho macho yake hayawezi kuona. Mwaka 2021 Hendrick, timu ya Byron, ilimleta Rudy Fugle, aliyekuwa mkuu wa mafundi wa Byron wakati wa zile mbio za magari ya mzigo. Katika mbio zao za tatu pamoja walishinda Homestead, na baadaye wakachukua Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mara mbili mfululizo, mwaka 2024 na 2025.