“Bomoa Yote Tuanze Upya”: Dhana Potofu Kuhusu Kukijenga Chuo Kikuu Kilichopigwa na Vita

Vita vikiisha, anayetangulia kurudi chuoni huwa ni mwalimu anayetafuta ofisi yake, au mwanafunzi anayetaka kujua kama kumbukumbu za matokeo yake zimesalimika. Nyuma yao huja mwenye katapila. Baina ya hao wawili husemwa mengi yanayoaminika kirahisi, na mengine yakifuatwa huharibu kile ambacho mabomu yalikiacha.

“Jengo lililoungua limekufa, liangushwe.”

Sijui dhana yenye hasara kubwa kuliko hii. Masizi hutisha kuliko nyufa. Ukuta ukiwa mweusi na dari ikining’inia, jicho huhukumu kabla ya kipimo. Lakini zege hupitisha joto polepole. Moto unaweza kuunguza sentimita chache za nje ya nguzo huku kiini chake kikibaki kizima, na zege lenyewe hutoa ushahidi: likifikia nyuzi 300 hivi za Selsiasi, mara nyingi hugeuka rangi na kuwa la waridi. Kuanzia hapo hupoteza nguvu kwa kasi. Kwa hiyo mhandisi hutoboa nguzo, hutoa kipande cha zege, hutazama wekundu umeingia kina gani, kisha hulinganisha na mahali nondo zilipo. Nondo nazo hulegea zikiwa motoni. Zikikaribia nyuzi 600 hubaki na nusu hivi ya nguvu zake. Zikishapoa, hata hivyo, nondo za kawaida hurejesha sehemu kubwa ya nguvu hizo. Nguzo iliyodhaniwa imekwisha inaweza kuchokolewa zege bovu, ikavishwa jipya, ikaendelea kubeba jengo.

Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Mosul, nchini Iraq, ni mfano ninaoupenda. Wanajeshi wa Iraq walikikomboa chuo kutoka kwa kundi la ISIS Januari 2017 na kukuta maktaba imeteketea, vitabu vingi vimekuwa majivu. Umbo la jengo lilikuwa bado limesimama. Likakarabatiwa, na Februari 2022 maktaba ikafunguliwa tena.

Kwa nini ning’ang’anie nguzo kuukuu? Kwa sababu ya saruji. Ili kuipata, mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe huachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake. Hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi kabisa, hewa hiyo itatoka tu. Ndiyo maana saruji inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kila nguzo inayookolewa ni saruji ambayo haitachomwa tena.

Sisemi kila ukuta uokolewe. Jengo lililohama kwenye msingi wake, au lenye nguzo zilizokatika, liondolewe upesi kabla halijaua mtu. Ninachokataa ni hukumu inayotolewa kutoka dirishani mwa gari.

“Kifusi ni taka, kikatupwe mbali.”

Mjini Warsaw, Poland, baada ya Vita Kuu ya Pili, mtaa wa Muranów ulijengwa upya juu ya kifusi cha geto, yaani eneo walimofungiwa Wayahudi, na kifusi hichohicho kilisagwa kikatengenezewa matofali ya nyumba mpya. Berlin nako kuna kilima kiitwacho Teufelsberg, kilichotokana na kifusi cha mji. Chini yake limezikwa jengo la kitivo cha ufundi wa kijeshi ambalo utawala wa Hitler uliliacha halijakamilika. Lilikuwa gumu kubomoa, wakaamua kulifukia. Huko Mosul, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalikuwa zaidi ya tani milioni 7 za kifusi. Mzigo wa namna hiyo ukisombwa kwa malori, mafuta yake peke yake ni bajeti.

Ila wapo pia wanaoamini kuwa kifusi chote kinafaa, na hao nawaogopa zaidi. Kifusi cha chuo si sawa na kifusi cha nyumba. Ndani yake kuna maabara: zebaki, asidi, pengine vyanzo vya mionzi. Kuna asbestosi kwenye paa na mabomba ya zamani, ambayo vumbi lake hupandikiza saratani inayojitokeza miaka mingi baadaye. Kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Wataalamu wa mabomu watangulie, wafuate wa kemikali, ndipo waje wachambuaji. Jasi ya dari na plasta itengwe, maana ikichanganyika na saruji huifanya ivimbe na kupasuka. Kokoto za zege lililosagwa hunywa maji mengi kuliko kokoto za mawe, kwa hiyo mchanganyiko lazima urekebishwe. Zinafaa sana chini ya barabara na njia za miguu. Kwenye nguzo zisiingie bila vipimo. Na nondo zilizopinda zisinyooshwe kwa nyundo zikarudishwa kwenye jengo la ghorofa. Zipelekwe zikayeyushwe.

“Ujenzi endelevu ni paneli za sola.”

Paneli ni nzuri, lakini zije mwisho. Kwanza kivuli, upepo unaopita, na madirisha yaliyoelekezwa vizuri, ili darasa lisihitaji umeme mwingi. Na miti iliyonusurika ilindwe: kifusi kikirundikwa shinani, au malori yakishindilia udongo juu ya mizizi, mti uliopona mabomu hufa taratibu mbele ya macho ya wote.

“Wanafunzi wasubiri kampasi ikamilike.”

Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, kilianzishwa mwaka 1432 na kuteketezwa na mabomu Julai 1944. Kampasi mpya ilizinduliwa mwaka 1957. Aliyekuwa na miaka 18 siku ya mabomu alikuwa na 31 siku ya uzinduzi. Mosul, kabla hata mji haujakombolewa, masomo yaliendelea katika miji ya Dohuk na Kirkuk. Jengo moja lenye maji, vyoo na nyaya salama lifunguliwe, kisha lifuatalo.

“Ramani za zamani hazina kazi tena.”

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ilichomwa na majeshi ya Ujerumani Agosti 1914. Mpya ikafunguliwa 1928, ikateketea tena Mei 1940, na baada ya vita ikasimamishwa mara nyingine kwa kufuata michoro ileile. Nakala za michoro zihifadhiwe nje ya chuo. Zikiwa zimepotea, atafutwe fundi bomba wa siku nyingi, anayejua koki kuu iko wapi na ni bomba lipi limepita chini ya ukumbi. Apewe ajira siku ya kwanza, na katapila isubiri nje ya geti hadi amalize kuonyesha.