Kupanga tachipadi kwa skripti kwenye Linux

Ukinunua kompyuta mpakato iliyotumika hapa Dodoma na kuiwekea Linux, mara nyingi tachipadi (kibao cha kugusa kinachoendesha kishale) ndiyo inayosumbua: haibofyi ukiigusa, au kishale kinaruka ukiwa unaandika. Anza kwa kufuta vumbi, maana la kiangazi chetu linaganda kwenye jasho la vidole. Kisha andika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandika amri, ili kujua mfumo unaochora skrini yako ni wayland au x11:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa wayland, xinput (amri ya kupanga vifaa kama tachipadi na kipanya) haitakusaidia. Kwenye GNOME, mojawapo ya desktopu za Linux, tumia amri hii, nayo hubaki hata ukizima mashine:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click true

Likiwa x11, tumia skripti, yaani faili lenye amri zinazoendeshwa kwa mfululizo. Wengi huandika namba ya kifaa waliyoiona kwenye xinput list, na hapo ndipo wanapokosea: namba hubadilika ukiwasha upya au ukichomeka kipanya. Mimi nasisitiza kutumia jina la kifaa, kama kwenye skripti hii:

#!/bin/sh
sleep 3
kifaa=$(xinput list --name-only | grep -i touchpad | head -n 1)
[ -n "$kifaa" ] || exit 1
xinput set-prop "$kifaa" "libinput Tapping Enabled" 1
xinput set-prop "$kifaa" "libinput Disable While Typing Enabled" 1
xinput set-prop "$kifaa" "libinput Accel Speed" 0.3

Usisahau alama za kunukuu kwenye $kifaa. Majina haya yana nafasi ndani yake. Kasi huanzia -1 hadi 1. Ile sleep 3 inaipa desktopu muda wa kumaliza kupakia mipangilio yake, la sivyo itafuta yako. Hifadhi skripti kama faili, ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, kisha iongeze kwenye programu zinazojiwasha unapoingia.

Ukiambiwa property 'libinput Tapping Enabled' doesn't exist, endesha xinput list-props "$kifaa" kwenye terminali hiyohiyo, baada ya kuandika ule mstari wa kifaa=. Ukiona majina yanayoanza na Synaptics, mashine inatumia draiva ya zamani badala ya libinput, na mipangilio yake ina majina tofauti.

Vipanya visivyo na waya vina kero yake: kipokezi kimoja huweza kujitokeza mara mbili kwa jina lilelile, kama kipanya na kama kibodi, na xinput ikashindwa kuchagua. Tanguliza pointer: mbele ya jina. Na ukichomoa kipanya ukakirudisha, mipangilio yake ya xinput hupotea, kwa hiyo endesha tena skripti uliyokiandalia.