Tangazo la mtaa: maana yake na namna ya kulisoma

Kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wetu hapa Dodoma, karatasi hazibanduliwi, zinafunikwa. Ya juu leo ni ya chanjo ya watoto. Ukiinua kona yake unakuta ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na chini yake ya kukatwa kwa umeme siku iliyokwisha kupita, muhuri wake wa zambarau umepaushwa na jua. Zimeshikwa na pini mbili tu, kwa hiyo upepo wetu ukivuma zote zinapigapiga ubao. Watu wanasimama, wanasoma kichwa, wanaondoka.

Tangazo la mtaa ni neno la mamlaka kwa wakazi, lililotolewa hadharani, lenye mwenyewe, tarehe na jambo la kufanywa. Vyote vitatu viwepo. Likikosa mwenyewe ni uvumi, hata kama ni kweli. Likikosa tarehe huwezi kujua kama linakuhusu wewe au lilimhusu mpangaji aliyehama. Na lisipokuwa na jambo la kufanywa, hiyo ni taarifa: unapashwa habari, basi.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na zamani mbiu ilikuwa pembe hasa. Mpulizaji alijulikana, na sauti yake haikuchanganywa na ya mwingine. Leo mbiu ni gari lenye spika juu linalopita huku nusu ya maneno ikichukuliwa na upepo, ni karatasi ubaoni, ni ujumbe wa WhatsApp uliopita kwenye simu ishirini kabla ya kufika kwako. Ndiyo maana swali la kwanza ni lile lile: nani amepuliza?

Hapa wengi tunateleza. Karatasi ikibandikwa ofisi ya mtaa tunadhani ni ya mtaa. Nyingi si zake. Tangazo la umeme ni la TANESCO, la maji hapa mjini ni la DUWASA, la mvua kubwa asili yake ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwenyekiti wa mtaa, tuliyemchagua, na Mtendaji wa Mtaa, aliyeajiriwa, wanakupitishia tu. Kumgombeza mtendaji kwa mgawo wa maji ni kumwonea. Na balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wetu wanamheshimu sana, ni kiongozi wa chama. Akikwambia kuna mkutano mshukuru, lakini wito rasmi unatoka ofisi ya mtaa.

Matangazo ya barabara ndiyo yanayoumiza watu, kwa hiyo niyakalie kidogo. Barabara kuu zinazotoka hapa kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Arusha kupitia Kondoa ziko chini ya TANROADS. Za ndani ya mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Tangazo likisema “hifadhi ya barabara”, linazungumzia ardhi ya pande zote mbili iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hata ile ambayo haijawekwa lami. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliifanya hifadhi kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5.

Zile mita 7.5 zilizoongezeka zina uzito mkubwa. Aliyekuwa ndani yake kihalali kabla ya sheria hiyo ana haki ya fidia eneo lake likihitajika, na nyumba yake huwekwa alama ya X ya kijani. Aliyejenga ndani ya hifadhi kinyume cha sheria huwekewa X nyekundu: abomoe, bila malipo. Kwa hiyo ukiona X ukutani, usiishie kulia. Angalia rangi, pima umbali kutoka katikati ya barabara, kisha nenda ukaulize kwa maandishi, ukiwa na hati au barua zako mkononi.

Shangazi yangu alikuwa na genge la nyanya na vitunguu kando ya barabara ya mtaa. Karatasi ilibandikwa: upanuzi wa barabara. Akasema hayo ni mambo ya wenye maghorofa. Mstari wa tano uliwataka wenye vibanda na magenge wakajiandikishe ndani ya siku kumi na nne. Siku ya kumi na tisa greda lilikuwa limeegeshwa kwenye kona. Tulihamisha genge jioni moja, vijana wa bodaboda wakisaidia kubeba mbao, na nyanya nyingi zilipondeka. Siku huhesabiwa tangu tangazo lilipotolewa, wala si tangu ulipolisoma.

Kwa usalama, maneno yenyewe yana daraja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu: angalizo, kwa njano, tahadhari, kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, kwa nyekundu. Yakifika kwenye kipaza sauti cha mtaa yote yanakuwa “tahadhari”, na ile tofauti inapotea. Hapa katikati ya nchi mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Korongo linakaa kavu miezi mingi, watoto wanachezea mpira humo, wengine wanachota mchanga. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, maji yanaweza kushuka wakati mbingu iliyo juu yako ni nyeupe kabisa. Nikisikia tangazo la mvua nauliza ngazi yake, na watoto hawaendi korongoni hata kama jua linawaka. Moto na uokoaji ni 114, polisi ni 112, ziandikwe mlangoni.

Ya sherehe, michezo, Nanenane pale Nzuguni na usafi hayana ugumu. Soma siku na saa, nenda.

Yanayotaka fedha yasomwe pole pole. Mchango wa ulinzi shirikishi au wa darasa unapaswa kuwa umejadiliwa kwenye mkutano wa wakazi, na una haki ya kuomba kuona muhtasari wa mkutano huo. Malipo ya Serikali huja na namba ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, na stakabadhi. Ukiona namba ya simu ya mtu binafsi, uliza ofisini kwanza. Ubao huo huo ndipo panapotakiwa kubandikwa mapato na matumizi. Kama hayapo, kuyaulizia si ukorofi.

Na ukitaka kuwatumia majirani tangazo kwenye kundi, piga picha karatasi nzima, muhuri, tarehe na mstari wa mwisho vionekane. Shangazi yangu naye alitumiwa picha ya tangazo lile. Ilikuwa ya kichwa tu.